Picha Iliyokwenda Kwenye Dishi

Kuna kijana mmoja, simtaji jina kwa sababu mama yake ni jirani yangu na bado tunaazimana chumvi, juzi katuma picha kwenye kundi letu la mafundi. Kapiga ukuta wa chuo kimoja cha binafsi kule Shangani, hapahapa Mtwara. Kwenye ukuta kuna mfereji wa mbao wa kupitishia waya za mtandao, mweusi tii toka mwanzo mpaka mwisho. Chini ya picha kaandika, "Wazee wetu walikuwa wanazika mtandao kwenye jeneza." Wenzake wakacheka. Mmoja akauliza kama hiyo ni lami. Mwingine akasema ndiyo maana Kusini hatuendelei.

Nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika jingine, nikafuta. Mke wangu akaniambia, "Chande, weka hiyo simu chini kabla hujaivunja kama ile nyingine." Nikaiweka. Sasa nimeshika kalamu, na nyie mnaofunga mitandao siku hizi mtanisikiliza mpaka mwisho.

Kwanza hilo la uzee. Mimi nina miaka arobaini na kidogo, meno yangu yote yapo. Kazi nimeiacha kwa sababu daktari kaniambia presha yangu na kazi ya seva haviwezi kukaa nyumba moja. Ila kweli, mkinilinganisha na nyie, mimi ni wa zamani. Nilianza miaka ya tisini nikiwa bado mdogo, kwenye banda la video pale Chikongola, navuta waya mmoja kwenda kwenye televisheni tatu, na ile ya tatu kila mtu alikuwa anaonekana na pacha wake pembeni. Chuo sijasoma. Nimesoma vile vitabu vinavyokuja ndani ya boksi la mashine, ambavyo kila mtu anavitupa. Mimi nilikuwa naviokota. Kiingereza changu chote kimetoka humo, ndiyo maana mpaka leo siwezi kumsalimia mzungu vizuri lakini naweza kumwonya asiweke kifaa karibu na maji.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Bi Somoe. Na huo mfereji mnaoucheka ni wa mkono wake.

Bi Somoe alikuwa fundi wa kuunga waya za simu, enzi zile za simu za mezani. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, anashuka kwenye shimo la barabarani na ushungi wake kichwani, anaunga waya moja moja kwa kupapasa, na akitoka shimoni anakutajia kila waya inakwenda nyumba ya nani. Baadaye wakapunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Akakaa miaka akiuza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, pale sokoni, mtu mwenye mikono kama ile. Chuo cha Shangani kilipotaka mtu wa kufunga mtandao madarasani, miaka ya elfu mbili hiyo, wakamchukua kwa mkataba, na yeye akanichukua mimi.

Siku ya kwanza akaniambia, "Mdomo wako nimeshausikia mtaani. Sasa nataka kuona mikono."

Haya, huo weusi. Chuo kiko pembeni ya bahari. Chumvi inakula chuma, mchwa wanakula mbao, panya wanakula waya. Mifereji ya plastiki ilikuwa itoke Dar, na masika barabara ile mnaisikia kwenye hadithi tu nyie, malori yalikuwa yanalala kwenye tope mpaka utingo anaoa kijijini hapo. Bi Somoe kwao Kitaya, huko upande wa mto Ruvuma, watu wa korosho na mihogo. Maganda ya korosho yakipata moto yanatoa mafuta meusi, makali. Kwao wanapaka nguzo za nyumba na mchwa hasogei. Basi akaleta dumu zima. Akapaka mbao ndani na nje, akazianika juani mpaka zikakauka kabisa, ukipitisha kidole hakichafuki, ndipo akaweka waya. Panya wa Shangani akionja mara moja anahama mtaa.

Ukali wa mafuta yale nitakwambia mimi. Aliniambia nipake majivu mikononi kwanza. Nikaona ushamba. Nikapaka mbao kwa mikono mitupu, jasho likanitoka, nikajifuta usoni. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilikwenda msikitini uso umevimba kama boga, jicho moja limefunga duka. Mzee aliyekaa pembeni yangu akanisogelea akaniuliza taratibu, "Walikukamatia wapi?"

Bi Somoe aliponiona hakucheka hata kidogo. Alisema, "Afadhali. Na wewe sasa panya hawatakula."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba waya ikiingia kwenye kifaa iachie kitumbo chini yake, maji yakiteremka yadondokee hapo yasiingie ndani. Alinifundisha kukivuta kila kichwa cha waya baada ya kukibana, kukivuta kweli, kikitoka ni bora kitoke mkononi mwako. Kubwa kuliko yote, alinifundisha kuangalia taa. Kila tundu la mtandao lina kataa kake kadogo. Kakipepesa, kuna kitu kinapita. Kakitulia, hakipiti. "Mtu atakudanganya," alikuwa anasema, "na mashine nayo itakwambia imetuma. Wewe tazama taa." Na kila alichofanya alikiandika kwenye daftari lake, akafungua upya kuhakikisha kimeandikwa. Mimi niliona hiyo ni tabia ya watu wa ofisini. Mtaona ilivyonigharimu.

Chuo kilikuwa na mwalimu mmoja tu wa maana wa umeme, na madarasa matatu. Wakaamua mwalimu afundishie ukumbini mbele ya kamera, na wanafunzi wa madarasa mengine wamwone kwenye kompyuta zao. Dar wakaleta seva na mtaalamu wa kuifunga. Na yeye simtaji. Nitamwita Mtaalamu, maana ndivyo alivyokuwa anajiita.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kompyuta arobaini zikitaka picha ileile, ukimtumia kila mmoja nakala yake, seva inazidiwa na waya zinajaa. Ni kama shughulini ukampakulia kila mgeni sahani yake. Njia ya akili ni sinia. Unapakua mara moja, unaweka katikati, anayetaka ananawa anasogea. Hiyo ndiyo maltikasti. Seva inarusha mara moja tu kwenye anwani ya kundi, na kila kompyuta inayotaka inajiunga na hilo kundi.

Lakini seva ile ilikuwa na kadi mbili za mtandao, sawa na nyumba yenye milango miwili. Kadi ya kwanza ilikwenda kwenye dishi la intaneti juu ya paa. Kadi ya pili ilikwenda madarasani, kwenye waya za Bi Somoe. Kumbukeni hiyo milango miwili.

Jumatatu asubuhi Mtaalamu akawasha. Picha ya ukumbini ikaonekana kwenye seva safi kabisa. Tukaenda darasa la kwanza, giza. La pili, giza. La tatu, giza. Mkuu wa chuo alikuwepo, ameshika mikono nyuma. Mtaalamu akarudi kwenye seva, akatazama, akasema, "Seva inatuma. Mimi upande wangu umekamilika."

Akatoka ukumbini, akasimama mbele ya mfereji. Akachukua kalamu akakwangua ile mbao, akanusa ncha.

"Hii nini?"

"Mafuta ya maganda ya korosho," Bi Somoe akajibu.

"Mnapaka mtandao mafuta ya korosho?"

"Sijapaka mtandao, baba. Nimepaka mbao. Mtandao uko ndani."

Yule bwana akamgeukia Mkuu, akacheka. Akasema hayo mafuta ni tindikali, yamekula ganda la waya, ndiyo maana picha haipiti. Akasema yeye kazunguka mikoa yote hajawahi kuona kitu kama hicho. Na Mkuu, ambaye aliyalipia yale mafuta mwenyewe na kuyasifia, akacheka pia. Mimi sitasahau kile kicheko.

Bi Somoe hakupandisha sauti. Akasema, "Faili linapita. Chande, fungua faili lolote kutoka kwenye seva." Nikafungua darasani, likafunguka mara moja.

"Faili ni jepesi," Mtaalamu akasema. "Picha ni nzito."

"Uzito wa nini?" nikamuuliza. "Umebeba wewe kichwani?"

"Chande," Bi Somoe akasema.

"Hapana, aseme. Waya iliyoliwa inachagua? Inaliwa kwa picha, kwa faili inapona?"

"Chande, toka nje ukapoe."

Nikatoka. Nikapiga teke ndoo ya watu. Kupitia dirishani nikamsikia Mkuu akisema yale maneno. Wageni waliotoa pesa za mradi wanakuja Alhamisi kuona picha. Picha isipoonekana, mkataba wa Bi Somoe unaishia hapohapo, na barua itaandika sababu, kwamba aliharibu waya. Mtwara ile ya wakati ule, ofisi zenye mtandao ulikuwa unazijua kwa majina. Fundi mwenye barua kama hiyo hapati hata kazi ya kubadilisha balbu. Angerudi kwenye ming'oko, na safari hii na jina baya juu.

Jumanne tulikagua kila kichwa cha waya, kimoja kimoja, mimi na yeye. Tulifungua mfereji sehemu saba. Waya nyeupe pe, laini kama siku ile zilipotoka kwenye boksi. Nikazungumza mwenyewe siku nzima, matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye alikuwa ananiambia tu, "Shika hapo. Vuta. Haya, inayofuata."

Jumatano asubuhi Mtaalamu hakuonekana, alikuwa hotelini. Bi Somoe akaniambia nikae mbele ya seva, yeye atazunguka madarasani. Nikawasha picha. Nikainama nyuma ya mashine kuangalia kama kichwa cha waya kimekaa, na hapo ndipo nikaona. Kadi ya madarasani, taa imetulia tuli, inapepesa mara moja moja kama mtu anayesinzia. Kadi ya dishi, taa inapepesa kama imepandwa na pepo.

Nikasimamisha picha. Taa ya dishi ikatulia. Nikawasha. Ikapagawa.

Nikamwita. Alikuja anahema, akainama na yeye, ushungi ukagusa vumbi. Akatazama muda mrefu.

"Sinia limetolewa mlango wa nyuma," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu. Kompyuta ya darasani ina anwani yake, na seva inajua anwani hiyo iko mlango upi, ndiyo maana faili lilipita. Lakini anwani ya kundi haina nyumba. Usipoiambia seva kwamba kundi liko upande gani, inatumia njia ya kila kisichojulikana, na njia hiyo ni ya intaneti. Siku tatu picha ya mwalimu wa umeme ilikuwa inatumwa kwenye dishi, darasani hakifiki kitu, na mama wa watu anaambiwa kaharibu waya.

Nilikuwa na kitabu kimoja cha kuokota, kimekatika jalada. Nilikisoma kidole juu ya neno mpaka nikapata amri. Naiandika kama ilivyokuwa, kwa mashine za wakati ule:

route add -net 224.0.0.0 netmask 240.0.0.0 dev eth1

Maana yake, kila kinachokwenda kwenye anwani za makundi, kipite kadi ya pili. Basi. Mstari mmoja. Sasa hivi amri zimebadilika majina lakini swali ni lilelile, na bado nawaona vijana mnabadilisha swichi, mnabadilisha waya, mnabadilisha kompyuta, hakuna anayeuliza kundi linatokea kadi ipi.

Nikabonyeza. Taa ya pili ikaanza kucheza. Bi Somoe akaenda mlangoni mwa darasa la kwanza, akasimama akatazama. Akaenda la pili. La tatu. Akarudi amejifunika mdomo kwa upande wa ushungi, na macho yake nayajua yalikuwaje.

Halafu akaniuliza, "Umeandika wapi?"

"Nimeandika kwenye seva."

"Nimekuona. Nauliza umeandika wapi, ikizimwa ikiwashwa iukute."

Maana amri ile ukiiandika kwa mkono inakaa mpaka mashine izimike, basi. Ili ibaki, unatakiwa uiweke kwenye faili ambalo seva inalisoma kila inapowaka. Nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniuma, nilikuwa najua kabisa.

"Naandika sasa hivi," nikamwambia. "Ngoja kwanza nikamwambie yule."

"Andika kwanza, baba."

"Dakika tano."

Nikatoka mbio. Nilimkuta Mtaalamu hotelini anakunywa chai. Nikamwambia kila kitu nilichokuwa nimekibeba toka Jumatatu. Nikamwambia mbele ya wahudumu, mbele ya watu wanaokula chapati. Nikamweleza milango miwili kama anayefundisha mtoto. Akaniambia mimi kibarua, nikamwambia wewe mpika pilau unayelisha uchochoro. Watu walicheka, na mimi kicheko cha watu kinanilevya. Nikatoka pale nikapita Chikongola kumhadithia huyu, nikamhadithia yule, na kila niliposimulia Mtaalamu alizidi kuwa mjinga na mimi nilizidi kuwa na akili. Mpaka alasiri. Chuo kikafungwa. Faili sikuliandika.

Bi Somoe funguo ya chumba cha seva hakuwa nayo. Nilikuwa nayo mimi, mfukoni.

Alhamisi asubuhi nikafika, wageni walishawahi, wako ukumbini tayari. Picha iko madarasani inang'aa. Nikasema moyoni, ipo, nitaandika wakiondoka, nisije nikagusa kitu mbele za watu. Wageni wakapita darasa la kwanza, wakafurahi. Wakaingia la pili. Umeme ukakatika.

Seva ilikuwa na betri yake ya kuishikilia umeme ukikatika. Ilikuja nayo toka Dar. Mkuu aliichukua siku ileile ya kwanza akaiweka ofisini kwake, inashikilia televisheni. Nalisema hili leo kwa kuwa nilinyamazishwa miaka yote hiyo. Lakini silisemi kujitoa. Betri ilikuwa ya Mkuu, faili lilikuwa langu.

Jenereta likawaka. Seva ikawaka. Kompyuta za darasani zikawaka. Kila kitu kikarudi, isipokuwa picha.

Na Mtaalamu, ambaye jana yake nilimfundisha mimi mwenyewe sababu, akajua kabisa kilichotokea. Nilimwona usoni amejua. Akawageukia wageni akasema, "Ni hizi waya. Jenereta limeleta joto, mafuta yameyeyuka." Akaonyesha mfereji. Mgeni mmoja akaugusa kwa kidole, akakitazama kidole. Hakikuchafuka. Akawafuata wenzake.

Mimi nilikuwa nimesimama mita nne tu. Mdomo huu uliotukana watu hotelini, siku hiyo ulikauka. Nikakimbilia kwenye seva. Kwa haraka nikaandika ile amri nikakosea tarakimu, ikakataa. Nikaandika tena. Picha ikarudi. Nikatoka kuwaita, wageni walishakwenda kula.

Nikamfuata Mkuu mlangoni kwake. Nikamwambia kosa ni langu, sikuandika mstari kwenye faili, waya hazina kitu, twende akaone picha inapita kwenye waya zilezile. Akaniambia, "Ripoti ya Mtaalamu imeshaandikwa."

"Si ifutwe."

"Chande, ripoti haifutwi kwa sababu ya maneno ya kibarua."

"Basi niandike mimi jina langu humo."

"Wewe jina lako halipo kwenye mkataba. Wewe ni kibarua wa Bi Somoe. Kosa lako ni lake."

Nikaondoka mlangoni pale kwenda kumtafuta Bi Somoe.

Nilimkuta Bi Somoe anapanga koleo zake kwenye kikapu. Barua ilikuwa juu ya meza, imekunjwa, hajaisaini. Nikamwambia. Nilidhani nampa habari.

"Nilijua umeme ulipokatika," akasema. "Jana nilikuuliza mara mbili."

"Sasa kwa nini hukusema mbele yao? Ungesema ni Chande, wewe ungepona."

"Wangetufukuza wote wawili. Waya zingebaki na nani?" Akafunga kikapu. "Mkuu kaniambia wewe unabaki, maana hawana mwingine wa kuwasha. Kaa. Usiwaachie mtu wa kuja kuzing'oa."

"Siwezi kukaa sehemu iliyokutukana."

"Utakaa. Na ukae kimya, ukiweza." Akaniangalia. "Umeshaandika kwenye faili?"

Sikuwa nimeandika. Hata wakati ule.

"Sasa unanililia mimi ya nini," akasema. "Kaandike."

Akapanda gari la Kitaya siku ya pili yake, akarudi kwenye korosho za kwao. Barua hakuisaini, lakini hilo halikumsaidia. Mjini ikaenea kwamba ni yule mama aliyeunguza mtandao kwa mafuta. Ripoti nayo baadaye ikaongezewa kwamba nyaya zote zilibadilishwa na Mtaalamu. Hakuna hata moja iliyobadilishwa. Nawaapia, hata moja. Mimi ndiye nilikuwa na funguo. Miaka mingi wanafunzi wamesoma umeme kwa picha iliyopita kwenye waya zilezile, ndani ya mbao zilezile, na panya hajawahi kugusa. Nilipigana na walimu watatu na mkandarasi mmoja waliotaka kuzing'oa, mmoja nilimpiga kweli, na sijutii.

Bi Somoe alifariki akiwa Kitaya. Nilikwenda kumzika. Hakuna mtu wa chuo aliyekuja.

Lakini ile siku aliyoniambia kaandike, nilikwenda. Nikafungua lile faili ambalo seva inalisoma ikiwaka. Nikaandika ule mstari, nikahakikisha, nikazima mashine makusudi, nikawasha, picha ikaja yenyewe. Ndipo nikafungua faili tena. Kwenye faili kama zile, mstari ukianza na alama ya reli, mashine inauruka. Haiusomi. Ni kwa ajili ya mtu atakayefungua baadaye. Nikaweka hiyo alama juu ya amri yangu, nikaandika:

# Waya za Bi Somoe ni nzima. Mstari huu ulisahauliwa na Chande, Bi Somoe akafukuzwa.

Ripoti yao iko kabatini, sijui kama kuna mtu ameisoma mara ya pili. Faili langu lilisomwa. Seva ile ilipokufa, likanakiliwa kwenye nyingine. Chuo kilipofungua tawi, likanakiliwa na huko, maana hakuna aliyetaka kuhangaika upya na milango miwili, kila mtu alibeba faili zima kama lilivyo.

Mwaka niliokaribia kuacha kazi, kijana mmoja alinipigia kutoka huko tawini. Mpole, ana adabu. Akasema, "Shikamoo mzee, samahani. Nasafisha faili la seva. Kuna mstari hapa una jina lako na jina la Bi Somoe. Mashine haiutumii. Niufute?"

Nikamwambia, "Ufute uone."

Halafu akaniuliza Bi Somoe alikuwa nani. Nikakaa chini, nikamwambia kama nilivyowaambia nyie.